Mwaka mmoja wa ugali: hesabu ya kumrekebisha mfungwa wa ubakaji

Kila bajeti ya Mambo ya Ndani inaposomwa Dodoma, mjadala wa wabakaji hurudi palepale: waongezewe miaka, wahasiwe, wasionewe huruma. Swali la shilingi haliulizwi. Na mtu akithubutu kusema wafungwa hao wapewe programu ya urekebu, jibu liko tayari mdomoni: kodi yangu isiende kumtibu mbakaji. Lakini kodi hiyo inakwenda kwake tayari, asubuhi na jioni, kwa miaka 20. Nataka tupige hesabu hiyo taratibu, tukiiweka Tabora na Kigoma, kwa sababu huku zipo gharama ambazo mtu anayepangia mezani Dar es Salaam hazioni.

Tuanze na sheria. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ilivyobadilishwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, haimwachii hakimu nafasi kubwa. Kifungu cha 131 kinaweka kima cha chini cha miaka 30 pamoja na viboko, na fidia kwa aliyetendewa. Aliyembaka mtoto wa chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu nayo ikawekewa miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Msamaha wa Rais, ule wa sikukuu za kitaifa, kwa kawaida huwaruka watu hawa. Kinachowabakia ni punguzo la theluthi moja ambalo Sheria ya Magereza inampa mfungwa mwenye nidhamu. Kwa hiyo wa miaka 30 hukaa 20, na ukihesabu miaka mirefu ni siku 7,305.

Siku moja ya mfungwa ina unga, maharage, mafuta, chumvi, kuni, maji, sare, blanketi, dawa, na kipande cha mshahara wa askari anayemlinda usiku na mchana. Nitatumia shilingi 5,000. Hiyo si takwimu ya Jeshi la Magereza, ni namba ya kupigia hesabu. Mwenye namba bora aiweke mahali pake, njia itabaki ileile. Siku 7,305 mara 5,000 ni shilingi 36,525,000 kwa mtu mmoja.

Watu wa Kigoma wataniambia kwamba gereza la kilimo linajilisha. Ni kweli kwa sehemu. Kwitanga wana michikichi, na mahindi na maharage yanayolimwa na wafungwa wenyewe yanapunguza mzigo wa chakula. Ila shamba halilipi mshahara wa askari, wala halinunui dawa. Na mfungwa wa miaka 20 anazeekea humohumo. Aliyeingia na miaka 40 anatoka na 60, na miaka yake ya mwisho inakuja na presha, kisukari na tezi dume. Hapo shilingi 5,000 haitoshi tena.

Sasa programu yenyewe. Simaanishi mahubiri ya Jumapili wala semina ya siku mbili yenye soda. Programu ya urekebu wa wakosaji wa kujamiiana ni kazi ya kundi dogo, yenye ratiba, inayoendeshwa na watu waliofundishwa. Kwa mazingira ya gereza kama Uyui pale Tabora ningeipanga hivi: wanaume 8, wawezeshaji 2, vikao 2 kwa wiki, saa 2 kila kikao, kwa wiki 40. Jumla ni vikao 80.

Kosa la kwanza la wapangaji ni kuhesabu saa 2 za darasani tu. Kila mwezeshaji anahitaji saa 1 ya kuandaa na saa 1 ya kuandika kumbukumbu baada ya kikao. Kikao kimoja basi kinakula saa 8 za kazi, na vikao 80 vinakula saa 640. Ongeza tathmini ya kila mtu kabla ya kuanza, saa 10 kwa mtu, yaani 80. Tathmini ya mwisho, saa 5 kwa mtu, ni 40. Ongeza usimamizi wa kitaalamu: kila wiki mbili, wawezeshaji wawili na mwanasaikolojia wanakaa saa 2 kupitia kilichotokea, mara 20 kwa watu watatu, saa 120. Jumla inafika 880. Kwa shilingi 10,000 kwa saa, ambayo inakaribiana na mtumishi anayelipwa milioni 1.7 kwa mwezi, ni 8,800,000. Askari wawili wa kuwatoa, kuwalinda na kuwarudisha, saa 2 na nusu kila kikao, ni saa 400, na kwa shilingi 5,000 kwa saa ni 2,000,000. Mwanasaikolojia kuja mara tatu, nauli, malazi na posho, nimeweka 1,200,000.

Milioni 12 kwa kundi. Wakimaliza wote 8, kila mmoja amegharimu milioni 1.5, sawa na siku 300 za kumweka ndani. Hawatamaliza wote. Wakimaliza 6, kila aliyemaliza amegharimu milioni 2, sawa na siku 400. Ndiyo maana nasema bei ya urekebu ni mwaka mmoja hivi wa ugali katika miaka 20.

Nauli ndiyo inayobadilika ukisogea magharibi. Tabora iko kwenye njia panda ya Reli ya Kati, na mtaalamu anayetoka Dodoma anafika bila taabu kubwa. Kigoma ni mwisho wa reli, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, na kutoka mjini hadi gereza la Ilagala au Kasulu ni safari nyingine. Usimamizi wa kila wiki mbili ufanyike kwa simu. Lakini zile safari tatu za ana kwa ana zisifutwe, kwa sababu mwezeshaji aliyechoka anaweza kuficha uchovu wake kwenye simu, uso kwa uso hawezi. Kusikiliza habari hizi mara mbili kwa wiki kunaumiza. Wawezeshaji huanza kukosa usingizi, huanza kuwaogopea watoto wao, wengine huwa wakali kwa kundi, wengine huanza kuwatetea wafungwa. Asipokuwepo wa kuliona hilo mapema, mwezi wa sita utakuta kundi lina mwezeshaji mmoja.

Je, inafanya kazi? Hapa lazima tuseme ukweli wote, maana wanaoipigia debe husema nusu.

Uingereza na Wales waliendesha programu kubwa ya magereza kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2017 Wizara yao ya Sheria ilitoa tathmini: wafungwa 2,562 waliopitia programu walilinganishwa na 13,219 ambao hawakuipitia, wakafuatiliwa kwa wastani wa miaka 8.2. Waliopitia walirudia kosa la kujamiiana kwa asilimia 10.0. Wasiopitia, asilimia 8.0. Miaka 25 ya fedha za umma, na waliofundishwa wakawa wabaya kidogo kuliko wasiofundishwa. Programu ikaondolewa mwaka huohuo, zikaletwa nyingine mbili. Marekani, jimbo la California lilijaribu kwa njia ngumu zaidi, ya kugawa watu kwa kura, katika hospitali ya Atascadero kati ya 1985 na 1995. Matokeo yalipotolewa mwaka 2005, hapakuwa na tofauti ya maana kati ya waliotibiwa na wasiotibiwa.

Upande wa pili, mtafiti Theresa Gannon na wenzake walikusanya tafiti nyingi na kutoa majumuisho mwaka 2019: waliopitia programu maalumu walirudia kwa asilimia 9.5, wasiopitia kwa asilimia 14.1. Huo ni upungufu wa karibu theluthi. Na walikuta kwamba pale mwanasaikolojia aliyesajiliwa alipokuwapo wakati wote, matokeo yalikuwa bora. Majumuisho ya Schmucker na Lösel, nayo ya muongo uliopita, yaliona faida ikijitokeza wazi zaidi kwa programu za nje ya gereza kuliko za ndani, na kwa kazi inayomgusa mtu mmoja mmoja kuliko ya kundi tupu.

Kwa hiyo jibu linategemea nani anafundishwa, lini na vipi. Chukua ile theluthi, uiweke kwenye hesabu yetu. Watu 100 waliomaliza, kwa milioni 2 kila mmoja, ni milioni 200. Bila programu wangerudia 14 hivi, na kwa programu 9 au 10, yaani umeokoa marudio 4.6. Kila anayerudia atawekwa ndani tena kwa milioni 36.5, kwa hiyo umeokoa milioni 168. Kwa shilingi za gereza peke yake umepata hasara ya milioni 32.

Sasa chagua watu wa hatari kubwa, ambao 25 kati ya 100 wangerudia. Theluthi ya hao ni 8, na 8 mara milioni 36.5 ni milioni 292. Fedha imerudi, na juu yake milioni 92. Chukua badala yake kundi la hatari ndogo, ambao wangerudia 3 kati ya 100. Umeokoa mtu mmoja kwa milioni 200. Ndiyo maana ya kuchagua. Na katika hesabu zote hizo sijaweka kitu kinachonisumbua kuliko vyote: yule binti, au yule mvulana, au wote wanane, ambao hawakuguswa. Sina bei yao na sitaitafuta. Naweza tu kusema kwamba panapokaribia kulingana kwa shilingi, wao ndio wanaopaswa kuamua.

Kuchagua kunahitaji kipimo, na hapa ndipo mipango mingi huharibika, kwa sababu watu hupima toba. Mfungwa analia, anasema ameokoka, anaongoza sala za jioni, basi anawekwa kwenye orodha. Mwaka 1998 watafiti Hanson na Bussière walijumuisha tafiti 61 kuhusu kinachotabiri marudio. Kumhurumia mwathirika hakukutabiri. Hata kukana kosa hakukutabiri. Kilichotabiri ni makosa ya kujamiiana ya nyuma, matamanio yasiyo ya kawaida, na historia ya uhalifu kwa jumla. Kipimo kinachotumika sana, Static-99, kina maswali 10 yanayojibika kutoka kwenye faili: umri atakapotoka, kama aliwahi kuishi na mwenza, makosa ya awali, kama aliyetendewa alikuwa mgeni kwake au ndugu, kama alikuwa wa kiume, na mengine ya namna hiyo. Kilitengenezwa kwa watu wa Kanada na Uingereza, kwa hiyo asilimia zake zisinukuliwe Tabora kana kwamba ni za Tabora. Maswali yenyewe, hata hivyo, yanafaa kuwapanga watu nani atangulie.

Tatizo letu ni faili. Mfungwa anafika gerezani na hati ya kifungo yenye kosa, kifungu na miaka, basi. Anayefanya tathmini anahitaji nakala ya hukumu, maelezo ya PF3 (fomu ya polisi anayojaza daktari), na kumbukumbu za polisi za makosa ya nyuma. Nakala ya hukumu iombwe mahakamani mapema, si wiki ya kuanza. Na pawepo mtu wa kupiga simu kijijini. Kesi moja iliyofika mahakamani huenda ina mbili zilizoishia kwa ng'ombe wawili na kikao cha wazee. Hizo hazimo kwenye faili, na ndizo zinazosema mengi kuliko machozi.

Kuna pia kundi la vijana wa miaka 19 au 20 waliofungwa kwa sababu rafiki zao wa kike walikuwa na miaka 16 au 17. Sheria iko wazi, na binti wa shule aliyekatishwa masomo ameumia kweli. Lakini kumweka kijana huyo kwenye kundi moja na mtu aliyewinda watoto wadogo ni kumpeleka chuo kibaya. Moja ya maelezo yaliyotolewa kuhusu kilichotokea Uingereza ni hili, kwamba watu walikaa pamoja wakisikilizana habari hadi habari hizo zikazoeleka masikioni. Vijana hao wapewe ufundi na masomo, gharama yake ni ndogo na haihitaji mwanasaikolojia.

Lini? Karibu na kutoka. Kumfundisha mtu mwaka wa pili wa kifungo cha 20 ni kumwagilia mche na kuuacha jua miaka 18. Atakuwa amesahau, na umri peke yake utakuwa umepunguza hatari. Programu ianze miaka 3 kabla ya tarehe ya kutoka, ili ikichelewa, na itachelewa, bado imalizike. Kipindi hicho kina faida nyingine: rufaa zimeisha. Sheria inampa aliyehukumiwa siku 10 kutoa kusudio la rufaa na 45 kuwasilisha sababu zake Mahakama Kuu, kisha kuna Mahakama ya Rufani. Mtu mwenye rufaa hai hatafungua mdomo, na ana haki, maana anachokisema kwenye kundi anaogopa kitarudi mahakamani. Kumlazimisha kukiri kama sharti la kuingia darasani ni kuwapoteza nusu yao bila sababu, hasa ukikumbuka kwamba kukana hakutabiri kurudia.

Ndani ya chumba kunatokea nini? Njia inayotumika sana ni kuufungua mnyororo wa tukio. Nitaieleza inavyoweza kufanyika na watu wengi wasiosoma vizuri, maana vitabu vya kigeni vinategemea madaftari na kazi za kuandika. Chukua kamba ya urefu wa mita 2 na uifunge mafundo 7. Kila fundo ni hatua iliyomfikisha mtu kwenye kosa. Tuseme ni msimamizi wa mabani, yale majengo ya kukaushia tumbaku, huko Urambo. Fundo la kwanza: amegombana na mkewe, amehamia banini kulala, anachochea moto usiku peke yake. La pili: jioni anashushia wanzuki hadi usiku. La tatu: anajiambia kwamba ameonewa na wote, na yeye ana haki ya kupata kitu. La nne: anaanza kuangalia saa ambazo binti wa jirani anapita kwenda kisimani. La tano: anamwita amsaidie kuchambua majani, anampa hela ya soda. La sita: anamtuma mdogo wa binti huyo dukani. La saba ni kosa lenyewe.

La saba halizungumzwi kwenye kundi. Hii ni kanuni ya kushika kwa mkono wa chuma. Mtu akianza kusimulia kilichotokea, mwezeshaji anamkata hapohapo na kumrudisha kwenye fundo la sita, kwa sababu simulizi hiyo humfurahisha msimuliaji, au mmoja wa wasikilizaji, na haifundishi chochote. Kazi yote iko kwenye mafundo sita ya mwanzo. Kamba inapita mkononi mwa mwenyewe, anashika fundo moja, na anaulizwa maswali matatu: hapa ulijiambia nini, hapa ungeweza kufanya nini kingine, na hapa nani angeweza kukusaidia. Wengi husema lilitokea ghafla, ni shetani. Fundo la nne na la sita huondoa neno ghafla. Aliyemtuma mdogo wa binti dukani alipanga. Akishaliona hilo kwa mkono wake mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, ndipo kazi ya kweli inaanza: ufanye nini ukifika fundo la pili, miaka 20 baadaye, ukiwa Kaliua huna kazi na mkeo ameshaolewa.

Sababu ya watu 8 na si 15 ni saa. Kikao kinaanza kwa kila mtu kusema dakika 5 alivyoishi siku tatu zilizopita. Watu 8 ni dakika 40, inabaki saa na ushei ya kazi. Watu 15 ni dakika 75, na kamba haitafika kwa mtu yeyote.

Lugha nayo ina bei. Mzee wa Sikonge au wa Buhigwe atajibu kwa Kiswahili cha adabu, majibu mafupi yanayompendeza afisa. Habari yenyewe iko kwenye Kinyamwezi au Kiha chake. Mwezeshaji mmoja kati ya wawili awe anaielewa lugha ya eneo hilo. Mfungwa mwenzake asifanywe mkalimani hata siku moja, maana siri ya jioni hiyo itakuwa nje ya bweni kabla ya kufungiwa.

Na siri ni uhai wa mtu. Gerezani mwenye kesi ya mtoto hudharauliwa, hupigwa, hunyang'anywa chakula. Nyapara akisimama uwanjani na kuita kundi la wabakaji, programu imekufa siku hiyo. Liitwe darasa la stadi, liwe kwenye ratiba moja na madarasa mengine, na orodha ishikwe na afisa mmoja.

Mambo mawili mengine huua makundi katika mikoa hii, nayo ni ya kiutawala tu. La kwanza ni uhamisho. Mfungwa mwenye afya anahamishiwa kambi ya kilimo wiki ya 12, na kiti chake hakijazwi, kwa sababu mgeni hawezi kuingia katikati. Mkuu wa Gereza aandike zuio la uhamisho la miezi 10 kwa majina 8, kabla ya kikao cha kwanza. La pili ni mvua. Tabora mvua zinaanza Novemba hadi Aprili, na msimu wa kulima kila mkono unahitajika shambani. Kundi linaloanza Novemba litakosa vikao hadi likate tamaa. Lianze Mei, vikao vya wakati wa kilimo viwekwe Jumamosi asubuhi, na hilo likubalike kwa maandishi.

Kuhusu kuhasi kwa dawa, nitakuwa mfupi. Dawa za kushusha homoni za kiume zipo, na mojawapo ni ileile medroxyprogesterone inayotumika kwenye sindano ya uzazi wa mpango. Dawa si ghali. Kinachogharimu ni uangalizi: vipimo vya damu, ini na mifupa, kwa sababu mifupa hulegea, na daktari wa kufuatilia kila baada ya miezi kadhaa. Inawafaa wachache wenye matamanio makali wanayoshindwa kuyazuia, wakiwa wameridhia wenyewe, na ikisimamishwa athari yake inakwisha. Mtu aliyebaka kwa hasira, kwa ulevi au kwa kujiona ana haki, sindano haimgusi.

Na kuna pingamizi moja ninalolikubali kabisa. Binti aliyebakwa anahitaji dawa za kuzuia VVU ndani ya saa 72, azimeze siku 28, apate kinga ya mimba, matibabu ya magonjwa ya zinaa, na nauli ya kurudi kliniki. Zahanati inapokosa dawa hizo, hakuna mtu mwenye haki ya kusema fedha zimekwenda gerezani. Urekebu ukatwe kwenye fungu la magereza, palepale kwenye zile siku 7,305, usiguse fungu la afya hata kwa shilingi moja. Hata fidia ambayo hukumu inaiandika mara nyingi hubaki kwenye karatasi.

Inabaki siku ya kutoka. Ndiyo siku ya hatari na ndiyo isiyo na bajeti kabisa. Kanada, mwaka 1994, kanisa moja la Hamilton lilianza kumzungushia mtu aliyetoka gerezani watu wanne au watano wa kujitolea, wanaojua kosa lake lote, wanaokutana naye kila wiki na kumuuliza maswali yasiyopendeza. Minnesota, Marekani, wakaupima utaratibu huo kwa kugawa watu kwa kura. Matokeo ya mwaka 2018 yalionyesha kukamatwa tena kwa makosa ya kujamiiana kumepungua kwa asilimia 88, ingawa idadi ya watu ilikuwa ndogo. Jimbo hilohilo linatumia zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka kwa kila mtu anayezuiliwa kwenye kituo cha matibabu baada ya kumaliza kifungo chake.

Sisi mzunguko huo hatuhitaji kuununua. Mwenyekiti wa kitongoji, mwalimu mstaafu, kiongozi wa dini, afisa ustawi wa kata, na mtu mmoja wa familia asiyemwogopa. Asiwemo ndugu wa aliyetendewa, na kabla ya yote familia hiyo ijulishwe tarehe ya kutoka na iulizwe inataka nini. Ikisema asirudi kijiji hicho, asirudi. Nauli ya bodaboda na vocha, shilingi 2,000 kwa mtu kwa wiki, kwa watu watano na wiki 52, ni 520,000. Hizo ni siku 104 za ugali. Kama ningeambiwa nichague kati ya darasa bila mzunguko na mzunguko bila darasa, ningechukua mzunguko.

Mwisho ni kupima. Ili kuona kwa uhakika wa kawaida wa kitakwimu kushuka kutoka asilimia 14.1 hadi 9.5, unahitaji watu kama 770 waliopitia na 770 wasiopitia. Uyui peke yake, kwa makundi mawili ya watu 8 kwa mwaka, itachukua miaka 48. Kwa hiyo gereza moja lisiahidi kutoa takwimu za ushindi, na mfadhili asizidai. Kinachowezekana ni kila gereza kujaza daftari la namna moja, ili siku moja yaunganishwe: namba ya mfungwa bila jina, alama ya hatari, vikao alivyohudhuria kati ya 80, sababu ya kuacha kama aliacha, tarehe ya kutoka, kata aliyokwenda, kisha simu ya polisi wa wilaya kila miezi 6 kwa miaka 5. Na safu ileile ijazwe kwa waliostahili lakini hawakupata nafasi, kwa kuwa hao ndio wa kulinganisha nao. Daftari hilo lifunguliwe kabla ya kikao cha kwanza. Likianza mwaka wa pili, majina ya walioacha yatakuwa yameshapotea, na walioacha ndio wenye habari kubwa kuliko waliomaliza.